Pauling: Mkemia aliyesoma historia ya viumbe katika damu

Na Mwandishi Wetu

MKEMIA wa Marekani, Linus Pauling, ndiye mtu pekee aliyewahi kupata Tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mwingine.

Wachache wanafahamu kuwa ndiye pia aliyefungua njia ya kufufua protini za viumbe waliotoweka duniani.

Pauling alizaliwa Februari 28, 1901 mjini Portland, jimbo la Oregon. Baba yake, aliyekuwa mfamasia, alifariki dunia mwaka 1910 na kuiacha familia katika dhiki. Kijana huyo alisoma huku akifanya vibarua, hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 1925.

Mwaka 1949, yeye na wenzake walithibitisha kuwa chanzo cha selimundu, maradhi yanayozitesa familia nyingi za Afrika Mashariki hadi leo, ni kasoro katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Baadaye Vernon Ingram alibaini nchini Uingereza kuwa kasoro hiyo ni ya asidi amino moja tu katika mnyororo wa asidi amino 146.

Ikiwa badiliko moja huleta maradhi, ni mabadiliko mangapi yamerundikana tangu binadamu atengane na wanyama wengine?

Akishirikiana na Emile Zuckerkandl, mzaliwa wa Vienna, Pauling alilinganisha himoglobini ya binadamu na za gorila na farasi. Walibaini kuwa kadiri viumbe walivyotengana zamani zaidi, ndivyo tofauti zinavyokuwa nyingi.

Mwaka 1963 walieleza kuwa kwa kulinganisha protini za viumbe walio hai, inawezekana kubaini ile ya babu yao wa pamoja, na siku moja kuitengeneza upya maabara.

Pauling alihofia pia mabadiliko ya urithi yanayoletwa na mionzi ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mwaka 1952 Serikali, ikimshuku kwa ukomunisti, ilimnyima hati ya kusafiria, lakini hakunyamaza. Mwaka 1958, yeye na mkewe, Ava Helen, waliwasilisha Umoja wa Mataifa ombi la kusitisha majaribio hayo, lililotiwa saini na wanasayansi zaidi ya 9,000.

Tuzo ya Kemia ya mwaka 1954 ikafuatiwa na ile ya Amani ya mwaka 1962.

Uzeeni alidai kuwa vitamini C kwa wingi hutibu saratani, dai ambalo majaribio ya hospitali hayakulithibitisha.

Alifariki dunia Agosti 19, 1994 huko California, akiwa na miaka 93.

Miaka minne kabla, Steven Benner na wenzake walikuwa wametengeneza upya kimeng'enya cha mnyama wa jamii ya ng'ombe aliyekwisha kutoweka. Leo wanasayansi hutumia njia hiyo kuunda vimeng'enya vinavyostahimili joto kali.