Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, lakini kila anayewasha taa ya umeme hapa Korogwe ananufaika na kazi yake.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mtu wa kuuguaugua. Mwaka 1801 maisha yalipokuwa magumu mno, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipofika miaka 14 aliwekwa kwa Bwana Riebau ajifunze ufundi wa kujalidi vitabu. Vitabu vilivyoletwa alivisoma baada ya kazi, na katika kimojawapo akakuta habari za umeme. Akataka kuhakikisha mwenyewe. Kwa peni chache tu kwa wiki, alichukua chupa ya kioo akaifanya mashine ya kutoa umeme kwa kusugua.

Wazazi, hapa pana lenu. Mwaka 1810 kulikuwa na mihadhara ya sayansi, kiingilio shilingi moja kila jioni. Michael hakuwa nayo. Aliyemlipia ni kaka yake Robert, naye mhunzi, na mwaka huo huo baba yao akafariki. Sisi tunaona zile shilingi za Robert zilifanya kazi kubwa kama akili ya mdogo wake.

Mwaka 1812 alitengeneza betri: sarafu 7 za nusu peni, vipande 7 vya zinki na karatasi 6 zilizoloweshwa maji ya chumvi, vyote vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ikatoa umeme! Wale wanafunzi wanaofungua redio mbovu nyumbani watamwelewa.

Mwaka huo mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy. Michael akaandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution. Katika safari ya Ulaya pamoja na Davy alifanywa kama mtumishi wa nyumbani. Alivumilia.

Hesabu za juu hakuzijua maisha yake yote. Hata hivyo, mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa mizunguko mingi, umeme hupita katika waya ule. Mitambo ya Hale, iliyojengwa kwenye Mto Pangani miaka ya 1960, imetengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo: maji huzungusha mtambo, na sumaku huzunguka karibu na waya.

Alipokuwa mashuhuri alikataa kuwa rais wa Royal Society, ila mihadhara ya watoto kila mwisho wa mwaka aliipenda, akaifundisha mara 19. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.