Daktari James Christie

James Christie alikuwa mtu wa Scotland aliyejifunza utabibu, kisha akaja Unguja akawa daktari wa Sultani. Siku zile Unguja ilikuwa bandari kubwa. Majahazi yalikuja kwa kaskazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, yakarudi kwa kusi. Na misafara ilishuka pwani na pembe na watumwa. Palipo na watu wengi wapitao, maradhi nayo hupata njia.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia mjini, kikaua watu wengi sana. Christie hakutosheka na kuwauguza wagonjwa tu, bali alitaka kujua maradhi yametoka wapi. Akawauliza wasafiri na wafanya biashara, akaandika kila mji na wakati ulipopatwa. Akaona kuwa kipindupindu kilifuata misafara, kikapita nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kisha kikavuka bahari.

Watu hawajapumzika, Julai 1870 yakazuka maradhi mengine. Mtu mzima wa afya alishikwa ghafula na homa, viungo vikamwuma hata asiweze kwenda, kisha akatokwa na upele. Waliokufa walikuwa wachache, lakini waliougua walikuwa wengi mno. Watu waliyaita kidinga pepo, wakidhani ni kazi ya pepo. Yakadumu hata Januari 1871.

Christie hakuwadharau wenyeji. Aliwauliza wazee, nao wakamwambia kuwa maradhi hayo si mageni, waliyaona zamani. Akahesabu miaka, akapata 1823. Tena akakumbuka kuwa mwaka 1827 homa kama hiyo ilienea katika visiwa vya Amerika, ikaitwa dengue. Akafikiri kuwa jina hilo ni dinga ya Waswahili, lililovuka bahari pamoja na watumwa. Mwaka 1871 homa ikafika Aden, kisha Bara Hindi, kwa njia ile ile ya vyombo. Mwaka 1872 aliandika habari hizo katika gazeti la madaktari wa Uingereza, na mwaka 1876 akatoa kitabu kikubwa juu ya kipindupindu.

Jambo moja hakulijua: kwamba homa hiyo huenezwa na mbu. Wataalamu waliligundua baadaye. Mbu huyo ana alama nyeupe miguuni, huuma mchana, na hutaga katika maji yaliyotuama. Tena wengine waliosoma maandishi yake wameona kuwa huenda homa ya 1870 ilikuwa chikungunya, maradhi yaliyofanana na dengue, ambayo yalitambuliwa mbali baada ya kuenea katika nchi ya Wamakonde mwaka 1952 na 1953. Waliweza kuyapima maneno yake kwa sababu aliandika dalili na tarehe kwa uangalifu.

Dengue ilienea Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na 2019. Mtoto wa Wingwi, kisiwani Pemba, amwagapo maji ya mvua yaliyotuama katika kifuu cha nazi, humnyima mbu mahali pa kutagia. Na homa ikiingia nyumbani, aseme upesi ni nani aliyeugua kwanza, siku gani, na alikuwa ametoka wapi. Kwa maswali kama hayo Daktari Christie aliijua njia ya maradhi.