Honoré Daumier, Mchoraji wa Wasafiri

Katika mji wa Marseille, ulio kusini ya Ufaransa kando ya bahari, alizaliwa mwaka wa 1808 mtoto mwanamume, jina lake Honoré Daumier. Baba yake alikuwa fundi wa kutia vioo vya madirisha, lakini moyo wake haukuwa katika vioo. Alitaka kuwa mtunga mashairi. Akauacha mji wake, akaenda Paris kutafuta sifa, kisha akawaita mkewe na watoto wamfuate. Sifa hakuipata, wala fedha hakuipata. Kwa hiyo Honoré alitiwa kazini angali mtoto, kwanza kuwa tarishi wa ofisi iliyopeleka hati za mahakama, kisha kuwa msaidizi katika duka la vitabu.

Kazi ya tarishi ni kazi ya miguu, lakini kwa Honoré ilikuwa kazi ya macho pia. Alipita katika njia za mji mkubwa, akangoja milangoni, akawaona mawakili na wadeni na watu wa kila namna. Naye alipenda kuchora tangu utoto. Mwisho wazee wake wakamwacha ajifunze, akaingia katika kazi iliyokuwa mpya siku zile, ya kupiga chapa picha kwa jiwe.

Kazi hiyo yafaa kuelezwa. Mchoraji huchukua jiwe la chokaa lililosuguliwa hata likawa laini, akachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe huloweshwa maji. Maji hukaa pale pasipochorwa, wala hayashiki penye mafuta. Na wino, kwa kuwa nao una mafuta, hushika penye mchoro tu. Ndipo karatasi huwekwa juu na kukandamizwa, nayo hutoka na picha. Jiwe moja laweza kutoa picha nyingi sana, na kwa njia hiyo magazeti ya Paris yaliweza kuwafikishia watu picha mpya kila juma.

Mwaka wa 1830 Louis-Philippe alitawazwa kuwa mfalme, na mwaka ule ule mtu mmoja, Charles Philipon, akaanzisha gazeti la picha za mzaha. Daumier akawa mchoraji wake. Mwishoni mwa mwaka wa 1831 alichora jitu limeketi kitini, limefunua kinywa. Ubao mrefu umeegemezwa kutoka chini hata mdomoni, na wachukuzi wanaupanda na vikapu vya fedha zilizotolewa na maskini. Kila aliyeitazama picha ile aliutambua uso wa jitu kuwa ni uso wa mfalme. Mwaka wa 1832 Daumier akahukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya franki 500, akatiwa katika gereza la Sainte-Pélagie. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Kifungo hakikumnyamazisha. Lakini mwaka wa 1835 ilitolewa sheria ya kwamba picha isipigwe chapa pasipo idhini ya serikali, na hapo mlango wa kuwachora watawala ukafungwa. Daumier akawageukia watu wa njiani: wapangaji na wenye nyumba, wenye maduka, mawakili, wanawake wanaopanda kutoka mtoni na mizigo ya nguo zilizofuliwa. Huenda serikali ilidhani imempokonya kazi yake. Mimi naona ilimpa iliyo bora zaidi.

Tangu mwaka wa 1828 palikuwa na magari makubwa ya farasi katika Paris, yaliyochukua abiria wengi kwa nauli ndogo. Humo ndani watu wasiojuana walibanana kitini, magoti kwa magoti, na Daumier aliwachora mara nyingi: mwanamke aliyeshindiliwa kati ya mlevi na mwuza nyama, mnene aliyetwaa nafasi ya wawili. Kisha ikaja reli. Katika miaka ya kwanza mabehewa ya watu maskini hayakuwa na paa, nao wakasafiri katika mvua na baridi. Hao pia aliwachora, na wale waliongoja katika vyumba vya stesheni, wamekaa juu ya mizigo yao na usingizi machoni.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa desturi hakuwachora papo hapo. Wasafiri wakijua kuwa wanachorwa hujirekebisha. Huyu hunyosha shingo, yule huficha viatu vyake vibovu. Daumier alitazama tu, kama abiria mwingine ye yote, akaenda zake nyumbani, akawachora kwa kuwakumbuka. Jicho lake lilishika namna mtu anavyoinama akichoka, na namna mkono unavyolishika kapu hata mwenyewe akiwa amesinzia.

Mwaka wa 1860 gazeti alilolitumikia lilimwachisha kazi. Hilo lilikuwa pigo, kwa maana alikuwa na mke, na picha za rangi alizozipenda hazikununuliwa na watu. Lakini sasa alikuwa na nafasi ya kuzifanya, na katika miaka ile alianza picha iitwayo Behewa la Daraja la Tatu. Mbele ameketi mama kijana anayemnyonyesha mtoto wake. Karibu naye yupo bibi kizee mwenye kapu mapajani, mikono yake imeshikana juu yake, na ubavuni pake mvulana amelala. Nyuma yao ni umati wa vichwa na kofia. Hakuna anayesema na mwenzake. Katika picha hii hapana mzaha. Yule bibi ameketi kwa utulivu na heshima, na mtazamaji hawezi kumcheka.

Mwaka wa 1864 tajiri mmoja wa Marekani, William Walters, alimwagiza picha tatu za rangi za maji, moja kwa kila daraja la gari la moshi. Katika daraja la kwanza abiria ni wanne tu, nao hawatazamani. Ni wapweke kuliko wale waliobanana katika la tatu.

Wakati huo Daumier alikuwa amerudishwa gazetini, naye aliendelea hata mwaka wa 1872. Katika maisha yake alichora juu ya mawe picha karibu 4,000. Kisha macho yakaanza kufifia, macho yale yaliyokuwa mali yake yote. Aliishi katika kijiji cha Valmondois, na rafiki yake mchoraji Corot alimsaidia apate nyumba. Mwaka wa 1878 rafiki zake walifanya maonyesho ya picha zake katika Paris, lakini waliokuja kutazama walikuwa wachache na fedha haikutosha gharama. Mwaka uliofuata, 1879, mwezi wa Februari, alikufa.

Moja ya picha zake za Behewa la Daraja la Tatu ipo sasa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Hakuimaliza. Ile mistari ya miraba aliyoipiga ili apate kuinakili picha ingali inaonekana, imepita juu ya wasafiri wale.