Louis Rwagasore: Mwana wa Mwami aliyeongoza Burundi kwa siku 15

Kila Oktoba 13, viongozi na wananchi wa Burundi hupanda kilima cha Vugizo, jijini Bujumbura, kuweka mashada ya maua kwenye kaburi la Louis Rwagasore. Alifariki mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29, baada ya kuwa waziri mkuu kwa siku 15 tu. Kwa muda huo mfupi hakupata nafasi ya kujenga barabara wala kufungua shule. Anakumbukwa kwa jambo jingine. Katika nchi ambayo watawala wake walidai kujua wananchi wanataka nini, yeye alishinikiza wananchi wenyewe waulizwe.

Waliulizwa mara mbili katika muda usiofika mwaka mmoja, na majibu yao yakawa kama mbingu na ardhi. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kufuata safari ya mwana huyu wa Mwami tangu mwanzo.

Rwagasore alizaliwa Gitega Januari 10, 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, na mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Burundi aliyozaliwa haikuwa inajitawala. Wajerumani waliokuwa wakiitawala walifukuzwa na majeshi ya Ubelgiji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita hivyo, Ubelgiji ilikabidhiwa Rwanda na Burundi kwa pamoja chini ya jina la Ruanda-Urundi, huku Tanganyika ikienda kwa Mwingereza.

Mwami alibaki kwenye kiti chake na machifu wakabaki kwenye himaya zao, lakini amri ilikuwa ya Mbelgiji. Mkulima alilazimishwa kupanda kahawa, alitolewa kwenda kufanya kazi za shuruti, na aliyekaidi alionja kiboko. Warundi wengi waliikimbia hali hiyo kwa kuvuka mpaka. Wapo walioingia Tanganyika kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na wapo waliokwenda kulima Buganda. Waliporudi walikuja na mshahara, na pia walikuja na habari za jinsi wenzao wa upande wa pili walivyoanza kudai mambo yao.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mambo yalibadilika kisheria. Mwaka 1946 Ruanda-Urundi na Tanganyika zote ziliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Maana yake ilikuwa kwamba Ubelgiji na Uingereza zilishika nchi hizo kwa niaba ya wengine, na zilitakiwa kuziandaa kwa kujitawala. Kila baada ya miaka mitatu, kuanzia 1948, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizitembelea, na mwananchi aliruhusiwa kuupelekea malalamiko yake kwa maandishi. Ujumbe wa mwaka 1954 ulieleza kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Wakoloni waliona muda huo ni mfupi mno. Waafrika waliosikia habari hiyo waliona kwamba ukomo wa utawala wa kigeni umeanza kuhesabiwa.

Ushirika kwanza, chama baadaye

Wakati huo Rwagasore alikuwa Ubelgiji. Alikuwa amesoma Astrida, mji wa Rwanda ambao leo unaitwa Butare au Huye, katika shule iliyotoa makarani na machifu wa Ruanda-Urundi. Kutoka hapo alipelekwa Antwerp kwa masomo ya juu, na mwaka 1956 akarejea nyumbani. Kwa mtoto wa Mwami mwenye elimu ya Ulaya, njia iliyotarajiwa ilikuwa moja: kupewa himaya, kukaa na Wabelgiji vizuri na kungoja zamu.

Yeye alianzia dukani. Mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara na wanunuzi, kwa lengo la kumwezesha Mrundi kununua na kuuza bila kupita mikononi mwa wachuuzi wa kigeni walioshika biashara ya Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo. Ushirika huo ulikumbwa na uhaba wa fedha, na utawala wa kikoloni uliuangalia kwa jicho la shaka. Hata hivyo ulimpa Rwagasore kitu ambacho hakuna chifu aliyekuwa nacho: kufahamiana na watu wa kawaida, masokoni na mitaani.

Mtaa uliompokea mapema ni Buyenzi. Huko waliishi Waswahili wa Usumbura, Waislamu kwa wingi, wengi wao wakiwa na asili ya Ujiji na Manyema. Walikuwa wafanyabiashara na mafundi, na hawakuwa chini ya chifu wa kimila. Watawala waliwatazama kama wageni wenye kuleta fujo. Kwa upande wao, Waswahili hao walizifuata habari za Tanganyika kwa karibu, kwa lugha yao wenyewe. Wakawa miongoni mwa nguzo za kwanza za siasa za Rwagasore.

Siasa hizo zilipata jina la UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa, kilichochipuka mwishoni mwa miaka ya 1950. Madai yake yalikuwa kujitawala kwa ndani bila kuchelewa, kisha uhuru kamili, chini ya Mwami mwenye kuheshimu katiba. Rwagasore alijenga urafiki na Julius Nyerere wa TANU, na mfano wa chama kimoja chenye kukusanya watu wa kila namna ulimvutia. Mwaka 1959 machafuko ya Wahutu na Watutsi yalipoikumba Rwanda, UPRONA ilijitahidi kuwaweka pamoja katika uongozi wake. Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, wote Wahutu, walikuwa kati ya wasaidizi wakuu wa Rwagasore. Septemba mwaka huo yeye mwenyewe alifunga ndoa na Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu.

Si Warundi wote waliokubaliana naye. Mpinzani wake mkubwa alikuwa chama cha PDC, kilichoongozwa na ndugu wawili, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, watoto wa chifu maarufu Pierre Baranyanka. Hoja ya PDC haikuwa ya kipuuzi. Wasomi walikuwa wachache, uchumi ulikuwa mchanga, na waliona ni busara kujifunza kuendesha serikali hatua kwa hatua kabla ya kumuaga Mbelgiji. Lakini hoja hiyo ilichanganyika na ugomvi wa siku nyingi ndani ya ukoo wa kifalme. Nyumba ya Mwambutsa ilikuwa ya Wabezi na ile ya Baranyanka ya Watare, na kila upande ulikuwa na kisasi chake cha zamani. Ubelgiji haikuficha kwamba ilipendelea PDC.

Kura ya kwanza

Mwaka 1960 utawala wa kikoloni ulitangaza uchaguzi wa mabaraza ya tarafa. Kabla ya kura, ulipiga marufuku ndugu wa karibu wa Mwami kushiriki siasa. Sheria hiyo haikutaja jina, lakini kila mtu alijua inamlenga nani. Rwagasore alilazimika kubaki mshauri wa chama alichokuwa roho yake.

Hakunyamaza. Aliwataka wananchi wasusie maduka ya wageni na wagome kulipa kodi. Oktoba 27, 1960, alikamatwa na kuwekwa katika kizuizi cha nyumbani. Alikaa humo hadi Desemba 9. Uchaguzi ulifanyika wakati yeye amefungiwa.

Matokeo yalikuwa kama Ubelgiji ilivyotaka. Kati ya viti 2,876, PDC ilipata 942 na UPRONA 545. Vilivyobaki viligawanywa kwa vyama vidogo na wagombea binafsi. Watawala walitangaza kwamba Warundi wamesema: hawana haraka. Serikali ya mpito ikaundwa bila UPRONA.

Hapo ndipo udhamini ule wa mwaka 1946 ulipoonyesha faida yake. UPRONA ilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na huko New York nchi za Afrika na Asia, nyingi zikiwa zimetoka tu kupata uhuru, ziliuliza ni maoni gani yanayopimwa wakati kiongozi wa upande mmoja yuko kizuizini. Desemba 1960 Baraza Kuu liliitaka Ubelgiji iahirishe uchaguzi wa bunge. Aprili 1961 likaamua ufanyike chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, kwa kura ya watu wazima wote. Wanawake wa Burundi walipata haki ya kupiga kura mwaka huo.

Kura ya pili

Rwagasore sasa alikuwa huru kuzunguka. Alikwenda vilimani, kwani Burundi haina vijiji vya kukusanyika kama vya nchi jirani, na kila kaya hukaa kwenye shamba lake mlimani. Mtoto wa Mwami kumfuata mkulima kumuomba kura lilikuwa jambo jipya. Wakulima waliuona uhuru kama kitu kisichopingana na Mwami wao, na hofu kwamba kumfukuza Mbelgiji ni kuvunja mila ilipungua.

Septemba 18, 1961, Warundi walipiga kura. UPRONA ilipata takriban asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64. Wananchi walikuwa walewale na vilima vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kiongozi hakuwa kifungoni, wanawake hawakuachwa nyuma, na msimamizi hakuwa na maslahi katika matokeo.

Septemba 28 Rwagasore alishika uwaziri mkuu. Hakulipa kisasi kwa wapinzani wake, bali alizungumzia ushirikiano nao. Oktoba 13 jioni alikuwa kwenye chakula cha usiku katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Mtu aliyejificha nje alimpiga risasi moja na kumuua.

Muuaji alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Uchunguzi uliwafikia haraka viongozi wa PDC. Kageorgis alinyongwa Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963, baada ya kesi kusikilizwa upya, Biroli, Ntidendereza na wenzao watatu waliuawa kwa kunyongwa hadharani Gitega. Swali la kama maofisa wa Ubelgiji waliujua au kuuchochea mpango huo halijazikwa. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu rasmi Ubelgiji kuwa ndiyo iliyokuwa nyuma ya mauaji hayo.

Pengo lisilozibika

Uhuru wa Tanganyika ulikuja Desemba 9, 1961, na wa Burundi Julai 1, 1962. Rwagasore hakuuona hata mmoja. Ndani ya UPRONA, shemeji yake André Muhirwa, aliyemrithi kama waziri mkuu, aligombana na Mirerekano kuhusu nani aongoze chama, na ugomvi huo ukachukua sura ya Mtutsi na Mhutu. Ngendandumwe aliuawa kwa risasi Januari 1965 akiwa waziri mkuu. Mirerekano aliuawa mwaka huohuo. Mwaka 1966 ufalme wenyewe uliondolewa na wanajeshi. Mauaji ya 1972 na vita vilivyoanza 1993 viliwaleta Warundi Tanzania kwa maelfu, safari hii si kama manamba bali kama wakimbizi.

Leo Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyojiunga nayo mwaka 2007, na Kiswahili cha Buyenzi, kilichotazamwa zamani kama lugha ya wafanya fujo, ni lugha ya Jumuiya nzima. Rwagasore alikuwa mmoja wa Warundi wa kwanza kuona kwamba njia ya nchi yake ndogo isiyo na bahari inapita kwa majirani.

Kuhusu ule mjadala wa baada ya vita, jibu lilishatolewa Septemba 1961. Warundi wa Novemba 1960 hawakuwa watu wengine waliokuja kubadili mawazo ghafla miezi kumi baadaye. Maoni yao yalikuwapo tangu sokoni, tangu Buyenzi, tangu siku manamba waliporudi na habari. Yalingoja tu siku ya kuulizwa bila mtu kuwashikilia mkono.