Richard Spruce, Mtafuta Mimea ya Msituni

Katika kijiji cha Ganthorpe, nchi ya Uingereza, mwaka 1817 alizaliwa mtoto mwanamume, jina lake Richard Spruce. Baba yake alikuwa mwalimu. Mtoto huyu hakuwa na nguvu nyingi za mwili, lakini alipenda sana kutembea mashambani na kutazama mimea. Hata alipopata umri wa miaka 16, alikuwa amekwisha kuandika orodha ya mimea 403 ya karibu na kwao. Zaidi ya yote aliipenda ile midogo sana, iotayo kama zulia la kijani juu ya mawe na magogo yenye unyevu, ambayo watu huikanyaga bila kuitazama.

Naye akawa mwalimu, kisha akaiacha kazi ile. Mwaka 1849 akapanda merikebu kwenda Amerika ya Kusini, akaingia katika msitu mkubwa wa mto Amazon. Alisafiri kwa mitumbwi pamoja na wenyeji, nao wakamfundisha majina ya mimea na matumizi yake. Maua ya miti mikubwa yalikuwa juu mno. Mara nyingine hakuwa na budi kuukata mti mzima ili ayapate, na jambo hilo lilimsikitisha. Kila alichokichuma alikibana katikati ya karatasi, akakikausha kisioze, akaandika mahali kilipoota. Kisha alivipeleka Uingereza kwa wataalamu.

Mwaka 1854, karibu na mto Orinoco, alishikwa na malaria, akawa karibu ya kufa. Kwinini ikamsaidia kupona. Siku zile kwinini ilipatikana katika magome ya mkwinini, nao ulikuwa mti wa mwitu wa milima ya Andes, uliokatwa ovyo. Basi mwaka 1859 serikali ya Uingereza ikamwagiza kutafuta mbegu zake, zikapandwe Bara Hindi.

Lakini mwezi wa Aprili mwaka 1860 aliamka asubuhi, akaona mgongo na miguu imekufa ganzi. Toka siku ile hakuwa mzima tena. Hata hivyo hakuiacha kazi. Alipanda milimani kwa taabu, akasimamia kuchuma na kukausha mbegu 100,000, na mwenzake, Robert Cross, akakuza miche zaidi ya 600. Miche ile ikateremshwa mtoni juu ya chelezo, ikavuka bahari, na mikwinini ikastawi katika milima ya Nilgiri. Baadaye ilipatikana aina nyingine yenye kwinini nyingi zaidi, lakini miti ile iliwafaa wagonjwa wengi.

Spruce mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1861 akiba yake ilipotea, kwa kuwa nyumba ya biashara iliyoitunza ilifilisika. Akarudi kwao mwaka 1864, maskini na mgonjwa. Mara nyingi hakuweza kuketi wima, ila aliendelea kuichunguza mimea yake midogo kwa darubini, na mwaka 1885 akamaliza kitabu kikubwa juu yake. Mimea ile haikuwa dawa wala chakula, lakini yeye aliona kwamba ilistahili kujulikana kwa ajili yake yenyewe. Akafa mwaka 1893.

Watu walimshukuru kwa ajili ya mkwinini. Lakini jicho lililoutambua mti ule mlimani lilikuwa limefundishwa tangu utoto kutazama vitu vidogo vilivyodharauliwa.