ALIKANYAGA MWEZI, AKARUDI KUMTANGAZA YESU!

Kijana mpendwa, wewe unayepita hapa Mazinde na vumbi la mashamba ya mkonge miguuni, je, unajua kuwa hata mwezi una vumbi? Yuko mtu aliyelikanyaga. Usitupe karatasi hii, soma mpaka mwisho!

James Irwin alizaliwa mwaka 1930 huko Pittsburgh, Marekani. Alipokuwa na miaka 11 alimkubali Yesu, lakini alipokua akapoa, moyo wake wote ukawa kwenye kurusha ndege. Mwaka 1961 alianguka na ndege akimfundisha mwanafunzi, nusura apoteze mguu. Mungu akamponya.

Tarehe 30 Julai 1971, yeye na mwenzake David Scott wakatua mwezini katika safari ya Apollo 15. Walipokaribia chini vumbi likatimka, hawaoni kitu! Vumbi lenyewe ni la kijivu, laini kama unga, linanuka kama baruti. Likishika nguo, pangusa utakavyo, halitoki lote. Walikaa huko karibu saa 67, wakaendesha gari chini ya milima mirefu.

Hebu inua macho uitazame Usambara hapo juu. Hivyo hivyo Irwin aliinua macho kule, akaikumbuka Zaburi ya 121, akasikia Mungu yu karibu naye kuliko siku zote. Na tarehe 1 Agosti wakaona jiwe limefunikwa na vumbi. Walipolipangusa, kumbe ni jeupe, linang'aa! Likaitwa Jiwe la Mwanzo.

Lakini sikia, kijana. Hata mtu wa mwezini ni mwenye dhambi. Katika safari ile walibeba bahasha za stempu zipatazo 400 bila ruhusa, ili wapate fedha. Fedha walizirudisha, lakini mwaka 1972 jambo likajulikana, wakakaripiwa dunia nzima ikisikia. Roketi inakufikisha mwezini, dhambi haikuondolei!

Irwin alijitoa upya kwa Yesu. Mwaka huo wa 1972 akaacha kazi ile kubwa, akazunguka nchi nyingi akihubiri. Mwaka 1973 moyo ukamshtuka, bado hakuacha. Tarehe 8 Agosti 1991 moyo ukasimama, akiwa na miaka 61.

Nyayo zake ziko mwezini hadi leo, maana kule hakuna upepo wa kuzifuta. Lakini mwili wake umerudi mavumbini, kama utakavyorudi wako na wangu. Je, roho yako itakwenda wapi? Gongo, bangi na uasherati ni vumbi linaloganda, wewe mwenyewe huwezi kulipangusa. Damu ya Yesu inaweza! Chini ya vumbi hilo Mungu anaona jiwe jeupe.

Usingoje kesho. Omba sasa hivi kwa imani:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, nioshe, andika jina langu katika kitabu cha uzima. Tangu leo mimi ni wako. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa moyo, umeokoka! Njoo mkutanoni jioni hii, tukuombee.