Svante Arrhenius: Alipewa alama hafifu chuoni, leo kanuni yake iko kila maabara ya kemia

Mwanafunzi anachora msalaba kwenye karatasi, anaweka bika juu yake na kumimina myeyusho wa sodiamu thaiosalfeti. Kisha anaongeza asidi ya haidrokloriki na hapo hapo anabonyeza saa. Myeyusho unaanza kuwa na ukungu wa salfa. Msalaba ukipotea machoni, saa inasimamishwa.

Kwa waliosoma kemia sekondari Tanzania au Kenya, jaribio hili ni la kawaida kabisa. Unarudia kwa joto la juu zaidi, na kila mara sekunde zinapungua. Ukipandisha joto kwa nyuzi 10 tu, mara nyingi muda unakuwa kama nusu ya ule wa mwanzo.

Kwa nini joto kidogo hivyo lilete tofauti kubwa namna hiyo? Jibu linalofundishwa hadi leo lilitolewa mwaka 1889 na Svante Arrhenius, raia wa Sweden aliyekuwa na miaka 30. Kilichowashangaza wengi baadaye ni kwamba miaka mitano kabla ya hapo, chuo chake kilimpa alama ambazo zingeweza kumfungia kabisa mlango wa sayansi.

Mtoto aliyependa hesabu

Arrhenius alizaliwa Februari 19, 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala, ambako baba yake alikuwa mpima ardhi na msimamizi wa shamba la Chuo Kikuu cha Uppsala. Inasimuliwa kwamba alijifundisha kusoma akiwa na miaka mitatu, na kwamba kuangalia vitabu vya hesabu vya baba yake ndiko kulikomfanya apende namba.

Mwaka 1876 aliingia chuo kikuu hapo hapo Uppsala. Lakini hakuridhika na ufundishaji wa fizikia, na mwaka 1881 akahamia Stockholm kufanya kazi chini ya Erik Edlund katika Chuo cha Sayansi cha Kifalme.

Huko alijichimbia kwenye swali moja: umeme unapitaje kwenye maji yaliyoyeyushiwa chumvi au asidi? Alipima myeyusho mmoja baada ya mwingine, akiongeza maji kidogo kidogo na kuandika kila badiliko.

Alama zilizomuuma

Mwaka 1884 alirudi Uppsala na tasnifu ya kurasa 150 hivi kwa ajili ya shahada ya udaktari. Hoja yake ilikuwa ngeni. Alisema ndani ya myeyusho, sehemu tu ya kile kilichoyeyushwa ndiyo iliyo hai, yaani inayobeba umeme. Akaenda mbali zaidi na kudai kwamba sehemu hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kikemia. Kwa maana hiyo, asidi inayopitisha umeme vizuri ndiyo asidi yenye nguvu.

Maprofesa wake, Per Teodor Cleve wa kemia na Tobias Thalén wa fizikia, hawakuvutiwa. Tasnifu ilipewa daraja la nne. Alivyoitetea mbele ya watahini wake ndivyo vilivyompandisha kidogo hadi daraja la tatu.

Alikuwa amefaulu, ndiyo, lakini kwa kiwango kisichomtosha mtu anayetaka kufundisha chuo kikuu. Kwa kijana wa miaka 25 asiyekuwa na mpango mwingine, hilo halikuwa jambo dogo.

Hakukaa kulalamika. Alifunga nakala za tasnifu yake na kuzituma nje ya nchi kwa wanasayansi wakubwa, akiwemo Rudolf Clausius wa Ujerumani, Jacobus van 't Hoff wa Amsterdam na Wilhelm Ostwald wa Riga, mji ambao leo ni makao makuu ya Latvia.

Mtu aliyekuwa na saa mkononi

Ostwald alikuwa na miaka 30 tu lakini tayari alikuwa profesa. Alisimulia baadaye kwamba siku tasnifu hiyo ilipomfikia, alikuwa na mambo matatu kwa mpigo: jino linauma, mtoto wa kike amezaliwa, na kazi ya kijana asiyemjua imetua mezani.

Kumbe yeye alikuwa akipima kitu kingine kabisa. Ostwald alikuwa akipima kasi, yaani asidi ipi huharakisha mmenyuko kuliko nyingine.

Njia mojawapo ilikuwa sukari ya miwa. Ukiiyeyusha kwenye maji na kuongeza asidi, sukari hiyo huvunjika taratibu kuwa glukosi na fruktosi. Kwa macho huoni kitu. Lakini mwanga maalumu ukipitishwa kwenye myeyusho huo huzungushwa upande wa kulia mwanzoni, na kadiri sukari inavyovunjika unahamia kushoto. Ukisoma pembe hiyo kila baada ya dakika kadhaa, unajua mmenyuko umefika wapi. Mjerumani Ludwig Wilhelmy ndiye aliyetumia njia hii mwaka 1850, na wengi humhesabu kuwa wa kwanza kupima kasi ya mmenyuko kwa uhakika.

Ostwald alipolinganisha namba zake za kasi na namba za umeme za Arrhenius, zilikwenda pamoja. Asidi zilizopitisha umeme zaidi ndizo zilizoharakisha mmenyuko zaidi. Watu wawili wasiojuana, miji miwili tofauti, vipimo viwili tofauti, na jibu moja.

Agosti 1884 Ostwald alifunga safari hadi Uppsala kumwona kijana huyo, akampa nafasi ya kazi Riga. Arrhenius hakuweza kuondoka kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa. Hata hivyo ujio wa profesa kutoka nje ulibadili upepo, na kabla ya mwaka kwisha Uppsala wakampa nafasi ya kufundisha ile ile ambayo alama zake zilikuwa zimemnyima.

Nyuzi 10 zinazobadili kila kitu

Baba yake alifariki mwaka 1885. Mwaka uliofuata Arrhenius alipata fedha za safari na kuzunguka Ulaya, akifanya kazi na Ostwald, Friedrich Kohlrausch, Ludwig Boltzmann na van 't Hoff. Mwaka 1887 akachapisha nadharia yake kwa ukamilifu: chumvi ikiyeyuka kwenye maji hugawanyika kuwa ayoni, hata kama hakuna umeme uliowashwa.

Mwaka 1889 akaigeukia kasi yenyewe. Vipimo vingi vilikuwepo tayari, vikiwemo vya sukari ya miwa. Vyote vilionyesha kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mmenyuko hupanda mara mbili au hata mara tatu.

Maelezo mepesi yangekuwa kwamba molekuli zikipata joto hukimbia zaidi na kugongana zaidi. Lakini piga hesabu. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 30 za Selsiasi, mwendo wa wastani wa molekuli hauongezeki hata kwa asilimia 2. Asilimia 2 haiwezi kukuzalishia mara mbili.

Arrhenius akasema si kila mgongano unazaa matunda. Ni molekuli chache mno, zile zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti fulani, ndizo zinazoweza kubadilika. Joto likipanda kidogo, wastani haubadiliki sana, lakini idadi ya wale wachache wanaovuka inaweza kuongezeka maradufu.

Umbo la mlinganyo wenyewe lilikuwa limeshaguswa na van 't Hoff mwaka 1884, na Arrhenius alijenga juu yake. Alichoongeza ni maana. Leo kizingiti hicho huitwa nishati ya uamilisho, na mlinganyo unaitwa kwa jina lake. Ndiyo sababu maziwa huchacha haraka mchana wa joto, na friji huyachelewesha.

Kutoka daraja la tatu hadi Nobel

Mwaka 1891 alianza kufundisha chuo cha juu cha Stockholm, na mwaka 1895 akawa profesa. Mwaka 1903 alipewa Nobel ya Kemia kwa nadharia ya ayoni, mbegu yake ikiwa ile ile tasnifu ya alama hafifu. Alikuwa raia wa kwanza wa Sweden kupata tuzo hiyo. Cleve, profesa aliyeipuuza tasnifu, wakati huo alikuwa mjumbe wa kamati ya Nobel ya kemia.

Katikati ya hayo, mwaka 1896, alichapisha hesabu nyingine iliyokuja kuwa maarufu. Alikadiria kwamba hewa ya kaboni dayoksaidi ikiongezeka maradufu angani, dunia itapata joto zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Wanasayansi wa tabianchi bado wanaitaja kazi hiyo.

Upande mwingine

Sifa zake zina doa. Arrhenius alikuwa kwenye bodi ya jumuiya ya Sweden iliyoanzishwa mwaka 1909 kuhubiri fikra za kuboresha mbari za watu, fikra zilizokuja kuumiza wengi.

Pia wanahistoria wengi humtaja kuwa ndiye aliyemzuia Dmitri Mendeleev, Mrusi wa jedwali la elementi, asipate Nobel mwaka 1906. Mendeleev alikuwa ameipinga nadharia ya ayoni. Mtu aliyeonja uchungu wa kupimwa vibaya alipokalia kiti cha kupima wengine, naye hakuwa mwepesi wa kusamehe.

Kilichobaki mezani

Arrhenius alifariki Stockholm Oktoba 2, 1927 na kuzikwa Uppsala, mji uleule uliomwona hafai.

Kazi yake inaendelea kila muhula. Mwanafunzi akimaliza na msalaba wake, anachukua moja gawanya kwa sekunde kuwa kipimo cha kasi, anatafuta logi yake, kisha anachora grafu dhidi ya moja gawanya kwa joto la kelvini. Vipimo vikiwa safi, nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka unaoshuka, na mteremko wake unatoa kimo cha kile kizingiti. Kwa hiyo karatasi, saa ya simu na kipimajoto vinatosha kupima kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona.